Maswali ya Wasomaji: Malaria, mseto na chandarua

Masika yameisha, maji yamebaki kwenye majaruba na mashimo ya matofali, na barua za mwezi huu kutoka Buhongwa, Misungwi na visiwa vya Mwanza karibu zote zinauliza malaria. Tunaanza na swali lililoletwa na wengi.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 3, kilo 13. Alitobolewa kidole, akakutwa na malaria, nikampa dawa ya mseto mpaka ikaisha na akapona. Siku ya 12 akashikwa na mafua na joto. Nikampima duka la dawa, ikatoka mistari miwili tena. Nimeambiwa nirudie mseto. Ule wa kwanza ulikuwa feki?
Mama wa watoto wawili, Buhongwa

JIBU: Marahaba, mama. Usirudie mseto kwa ushahidi wa kipimo hicho peke yake. Kipimo cha haraka, kile ambacho kwenye cheti huandikwa mRDT, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huimwaga ndani ya damu, na protini hiyo haiondoki siku ileile kimelea kinapokufa. Hubaki wiki 2, wiki 3, na kwa mtoto aliyekuwa na vimelea vingi inaweza kupita mwezi. Ni kama harufu ya samaki inayobaki jikoni wakati sufuria imeshaoshwa. Mistari miwili siku ya 12 inaweza kabisa kuwa mabaki ya malaria ambayo mtoto ameshapona.

Mpeleke kwenye kituo chenye darubini apimwe BS, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo, maana hapo fundi wa maabara anawaona vimelea wenyewe. BS ikiwa safi, joto lina sababu nyingine: mafua hayo hayo, sikio, mapafu, mkojo. Ikikutwa na vimelea, mwambie mganga wa kituo tarehe ambayo mtoto alianza mseto. Malaria ikirudi kabla ya siku 28 huhesabiwa kuwa huenda dawa haikufaulu, na mgonjwa hupewa dawa ya mstari wa pili, yaani tofauti na ile ya kwanza. Ikija baada ya siku 28 huhesabiwa kuwa maambukizi mapya, na mseto unatolewa tena. Ndiyo maana tunawasihi wazazi waandike tarehe ya dozi kwenye kadi ya kliniki. Inachukua nusu dakika na inaokoa mabishano mengi.

Tazama pia kipimo kinavyosomwa. Majibu hutoka kwa dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 15 hadi 20. Aliyesoma baada ya dakika 5 amewahi, na mstari uliojitokeza baada ya saa nzima si jibu. Mstari wa herufi C usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama ule mwingine upo. Omba kingine. Una haki ya kukiona kwa macho yako.

SWALI: Pakiti ya mseto imeandikwa baada ya saa 8, nesi alisema asubuhi na jioni. Nifuate lipi? Na kwa nini wanasema nile kwanza, wakati homa inanikosesha hamu ya chakula?
Mwalimu, Magu

JIBU: Yote mawili ni sahihi, ila kwa siku tofauti, na hapa ndipo dozi nyingi zinapoharibika.

Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Baada ya hapo, siku ya pili na ya tatu, ni asubuhi na jioni. Jumla ni mara 6. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Ukianza saa 10 jioni, ya pili ni saa 6 usiku, na mtoto lazima aamshwe. Wazazi wengi humwonea huruma mtoto aliyelala wakangoja asubuhi, na kufikia hapo saa 14 au 15 zimepita. Homa ikishuka wanadhani hakuna kilichoharibika.

Kipo kilichoharibika, na sababu iko ndani ya kidonge chenyewe. Mseto ni dawa mbili. Artemetha inaua vimelea kwa kasi na ndiyo inayoshusha homa siku ya kwanza, lakini inatoka mwilini kwa saa chache tu. Lumefantrini inakwenda polepole, inakaa siku kadhaa, na kazi yake ni kuwamaliza waliobaki. Mtu anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu amepewa nafuu na artemetha, akaikatisha lumefantrini kabla haijajaa kwenye damu. Vimelea vichache vilivyosalia huzaliana, na baada ya wiki mbili au tatu mtu anasema malaria yake ni sugu.

Chakula nacho kinahusu lumefantrini. Dawa hii hunyonywa vibaya tumbo likiwa tupu na vizuri sana kukiwa na mafuta. Huhitaji mlo mkubwa. Kikombe cha maziwa, uji uliotiwa karanga, kipande cha samaki wa kukaanga au kijiko cha dagaa walioungwa kwa mafuta kinatosha. Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama yanatosha. Aliyemeza mseto kwa chai ya rangi amemeza vidonge vyote, lakini sehemu kubwa ya lumefantrini imepita bila kunyonywa.

Idadi ya vidonge inafuata uzito. Kwa vidonge vya kawaida vya miligramu 20 na 120: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kila mara; kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2; kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3; kilo 35 na kuendelea vidonge 4, yaani 24 kwa siku tatu. Mtoto wa kilo chini ya 5 apelekwe kituoni. Mpime mtoto kwenye mizani, usikadirie kwa umri, kwa sababu watoto wawili wa miaka 3 wanaweza kupishana kilo 4. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ileile, kisha urudi ulikochukua dawa ukajaziliziwe vidonge ili ya mwisho isipungue. Akitapika kila anachopewa, hiyo si kazi ya vidonge tena. Anahitaji sindano, na sindano inatolewa kituoni.

SWALI: Tunasikia Kagera kuna malaria isiyosikia mseto. Imeshafika Mwanza?
Dereva wa basi, Nyegezi

JIBU: Kilichogunduliwa Kagera, hasa wilayani Karagwe, ni vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H. Kwa Afrika, badiliko hilo lilionekana Rwanda kwanza. Linafanya vimelea vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Kuchelewa kufa si kutokufa: mseto bado unaponya, kwa sababu lumefantrini inabeba mzigo uliobaki. Lakini soma tena jibu la mwalimu wa Magu ukiwa na hilo akilini. Pale ambapo artemetha imepungua kasi, mtu aliyemeza lumefantrini bila chakula au akaacha siku ya pili hana kinachomlinda. Watu husafiri Bukoba na Mwanza kila siku, na vimelea husafiri ndani ya damu yao. Kinachotuhusu sisi ni kutopeleka mbele vimelea vilivyopigwa nusu dozi.

SWALI: Mume wangu aliambiwa ana malaria 1, mimi malaria 5. Yeye aliugua zaidi yangu. Namba hizi maana yake nini?
Mama lishe, Kirumba

JIBU: Fundi wa maabara huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu, kwa kawaida mpaka zifike 200. Malaria 5 maana yake aliona vimelea 5 wakati anahesabu chembe nyeupe 200. Tukichukua kwamba tone dogo la mikrolita moja lina chembe nyeupe 8,000, hiyo ni vimelea kama 200 kwenye tone hilo. Si daraja la ugonjwa kama daraja la mtihani.

Mtu mzima aliyekulia ukanda huu amepata kinga kiasi, anaweza kubeba vimelea bila kuumwa. Mtoto mdogo, mjamzito au mgeni kutoka mahali pasipo na malaria anaweza kuzidiwa kwa vichache. Tena kimelea kilichotapakaa kwetu, Plasmodium falciparum, kina tabia ya kujificha: kinapokomaa hunasa kwenye vishipa vidogo vya ubongo, figo na viungo vingine, kwa hiyo damu ya kidoleni haikuonyeshi wote. Malaria kali hujulikana kwa hali ya mgonjwa: kushindwa kukaa au kusimama, kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi kama soda, viganja vyeupe. Mwenye moja ya hayo na malaria 1 anahitaji sindano. Mwenye malaria 50 anayekula na kutembea kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge.

Na kwa kuwa wengi huomba sindano wakiamini inapona haraka: sindano ya artesuneti huanza na dozi 3, ya kwanza, ya saa 12 na ya saa 24, kisha kila siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Akishaweza kumeza bado anapaswa kula mseto kamili wa siku tatu. Wanaoondoka baada ya sindano bila mseto ndio wanaorudi. Baada ya matibabu hayo angalia rangi ya viganja na macho kwa mwezi mzima, maana wachache hupungukiwa damu wiki moja hadi nne baadaye.

SWALI: Mtaani kwetu mitaro imejaa maji machafu, mbu ni wingu. Kwa nini manispaa isipulizie tukamaliza malaria?
Mkazi wa Mabatini

JIBU: Mitaro izibuliwe, tunakubaliana nawe, lakini mbu wengi wa mtaroni na chooni si wa malaria. Ni Kuleksi, wale wanaolia sikioni, na wanaweza kueneza matende na mabusha. Anofelesi, anayebeba malaria, hupendelea maji masafi kiasi. Mmoja anataka maji ya muda yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi kwenye barabara ya udongo, shimo la matofali. Mwingine anataka maji ya kudumu yenye majani, kama pembezoni mwa jaruba, lambo au kinamasi.

Unaweza kuwatofautisha wewe mwenyewe. Chota maji kwa bakuli jeupe, taratibu, kivuli chako kisianguke juu yake, kisha subiri dakika moja. Viluwiluwi vya Anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji kama vijiti vilivyoelea. Vya Kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso. Mbu mzima vilevile: akitua ukutani, Anofelesi huinua makalio juu, Kuleksi hulala sambamba na ukuta.

Kutoka yai hadi mbu ni siku kama 7 hadi 14. Dimbwi la kufukia, lifukie. La kumwaga, limwage kila wiki, siku ileile. Shimo kubwa lisilofukika linafaa kuwekwa viuadudu vya kibaiolojia, vile vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi bila kudhuru samaki, lakini vinahitaji kurudiwa mara kwa mara. Oili chafu usimwage kabisa. Mvua inayofuata itaipeleka mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani.

SWALI: Sisi wa dagaa tunafanya kazi usiku. Chandarua kinatusaidia nini? Na kuna wanaoanikia dagaa vyandarua vya bure, ni vibaya?
Mvuvi, kisiwa cha Kome

JIBU: Ukiwa mbali katikati ya maji, upepo unavuma na mazalia yako mbali. Hatari yenu iko nchi kavu: jioni mnapopanga karabai na nyavu mwaloni, alfajiri mnaporudi, na zaidi ya yote siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mnabaki kambini usiku kucha, mnakaa nje mpaka saa 5 au 6, kisha mnalala kwenye kibanda cha turubai. Hizo ndizo siku za chandarua. Kwenye kibanda chenye paa la chini kinafaa cha mviringo kinachoning'inizwa kwa kamba moja. Kichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote kabla giza halijaingia. Mnapokaa nje vaeni suruali na mikono mirefu, na mjipake dawa ya kufukuza mbu miguuni, kwenye vifundo, ambako Anofelesi hupenda kuuma. Jasho na maji huiondoa, kwa hiyo irudieni.

Kuhusu kuanikia: ndiyo, ni vibaya. Jua kali huimaliza dawa ya chandarua, na dawa yenyewe haikukusudiwa kugusana na chakula. Kuvulia ni vibaya zaidi, kwa kuwa ni sumu kwa samaki na matundu yake hukokota hata vifaranga vya sato. Chandarua kilichochakaa kabisa kishonewe dirishani au kizibe upenyo kati ya ukuta na paa. Usikichome moto wala kukitupa majini.

SWALI: Chandarua kipya kinawasha, nikakifua kwa sabuni ya unga. Sasa mbu wanatua juu yake na kuruka. Kimeharibika?
Mama Misungwi

JIBU: Kuwasha kulikuwa kwa sababu hakikupungwa upepo. Kitolewe kwenye mfuko, kitandazwe kivulini saa 24, ndipo kifungwe. Kufua ni kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, bila kuloweka wala kusugua kwenye jiwe, na si zaidi ya mara moja kila miezi 3. Vyandarua hivi vimetengenezwa vivumilie mafuo kama 20. Anika kivulini. Maji ya kufulia mwaga chooni, si ziwani.

Kuhusu mbu kutua na kuruka, huenda si kosa lako. Wilaya yako ina sifa katika jambo hili. Utafiti ulioanza Misungwi 2019, ukachapishwa 2022, ulilinganisha aina kadhaa za vyandarua. Vile vyenye dawa mbili, pairethroidi na klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka 2, ukilinganisha na vya pairethroidi peke yake, kwa kuwa mbu wa huku wameizoea pairethroidi. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza 2023. Klofenapiri haimwangushi mbu palepale. Inamkatia nguvu ndani ya mwili, akafa siku moja hadi tatu baadaye. Soma lebo iliyoshonwa pembeni ujue chako ni cha aina gani. Na tundu ukiliona, lishone leo. Dawa ikififia na tundu likiwepo, hapo ndipo mbu anapata njia.

SWALI: Nina mimba ya miezi 5. Kliniki wamenipa vidonge 3 vya SP na sina homa. Vya nini?
Mjamzito, Sengerema

JIBU: SP ni dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, na damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi huku mtoto akikosa chakula tumboni. Ndiyo maana unapewa bila kuumwa. Vidonge 3 kwa pamoja, mbele ya nesi, kuanzia wiki ya 13, kila hudhurio, ukiacha angalau mwezi mmoja kati, na ujitahidi upate dozi 3 au zaidi kabla ya kujifungua. Unaweza kumeza bila kula. Uliza nguvu ya foliki unayotumia: miligramu 0.4 haina shida, miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU asipewe SP. Ukipata homa, SP si tiba, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

SWALI: Wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, wanaleta malaria?
Mwanafunzi, Ukerewe

JIBU: Hapana. Hawaumi kabisa.

SWALI: Kila nikipima naambiwa malaria na taifodi. Inawezekanaje kila mara?
Fundi seremala, Igoma

JIBU: Kwa nadra inawezekana, kila mara ni vigumu. Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya taifodi ya zamani, na homa nyingine, hata malaria, zinaweza kuiamsha. Widal moja haitoshi kukuanzishia antibayotiki. Uthibitisho ni kuotesha damu au choo maabara. Kama una malaria iliyothibitishwa, tibu malaria kwanza. Joto likiendelea baada ya siku 3 za mseto, ndipo taifodi na mengine yachunguzwe.

SWALI: Mtoto akipata degedege usiku, na sisi tuko kisiwani, boti ni asubuhi. Wazee wanasema apelekwe kwa mganga kwanza, sindano itamuua. Tufanyeje?
Baba, Ukara

JIBU: Mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kitu mdomoni, si kijiko wala dawa wala maji. Angalia saa ilipoanza. Usingoje boti ya asubuhi: nenda zahanati iliyo karibu usiku huohuo. Mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kupewa pale artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa, ambayo huanza kuua vimelea wakati safari ya hospitali inapangwa. Hiyo si tiba kamili, ni ya kununua muda, na lazima afikishwe hospitali.

Kuhusu wazee, tunajua wanasema kwa upendo, na wameona watoto wakifia mikononi mwa wauguzi. Mara nyingi mtoto huyo alifikishwa baada ya siku mbili, ubongo umeshaathirika, sindano ikaonekana ndiyo iliyoua. Mwambie mzee anayeogopa aje naye zahanati, aone mwenyewe.

Akizinduka na kuweza kumeza, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari: vijiko vya chai 4 vya sukari, visivyojaa kilima, kwenye kikombe cha maji safi cha mililita 200, kidogo kidogo, kwa sababu malaria na kukaa bila kula hushusha sukari mwilini hata mtoto akazimia tena. Asipozinduka, usimpe kitu mdomoni, na waambie zahanati wampime sukari. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Kanda ya Ziwa inao kwa wingi, asisubirishwe hata kwa homa tu bila degedege. Na kama kijijini kwenu kuna mtu mwenye mashine ya boti, kubalianeni leo, mtoto akiwa mzima, ni nani ataitwa usiku na mafuta yatatoka wapi.